Chama cha taifa cha wafugaji wa bantamu: anzeni na mizani, katiba itafuata

Vyama vingi vya wafugaji hapa nchini huzaliwa kwa mtindo uleule: kundi la WhatsApp, kikao, uchaguzi wa mwenyekiti, michango ya fulana. Mwaka hauishi, kundi limebaki la matangazo ya vifaranga na salamu za Ijumaa. Kwa sisi wa kuku wadogo wa mapambo, yaani bantamu, mtindo huo una hasara zaidi, maana hatukutanishwi na bei ya nyama wala trei za mayai. Kinachotukutanisha ni kuku mwenyewe: umbo lake, rangi yake, namna anavyosimama. Kama hatujakubaliana kuku mzuri ni yupi, hicho kikao kinajadili nini?

Kwa hiyo hapa mpangilio umegeuzwa. Viwango kwanza, waamuzi wafuate, kisha kumbukumbu za damu, halafu ndipo karatasi za serikali. Naandika nikiwa Tabora, na sioni haya kusema kwamba chama cha taifa kikitaka mahali pa kukutania, ni hapa. Treni ya Kigoma, ya Mwanza na ya Mpanda zote hukutana hapa na ile ya Dar es Salaam. Mfugaji wa Ujiji na mfugaji wa Ilemela wanaweza kufika bila kubembeleza kondakta wa basi asiyetaka tenga la kuku kwenye buti.

Hatua ya kwanza: pimeni mlichonacho

Kabla ya kuita mkutano, watu watatu au wanne wapite nyumba kwa nyumba. Isevya, Ng'ambo, Cheyo, Kiloleni, popote mnaposikia kuna mtu ana "kuku wa kizungu wadogo". Bebeni mizani ya jikoni ya kidijitali, rula, daftari na simu ya kupigia picha.

Mtashangaa. Nusu ya wanaoitwa bantamu sokoni ni kuku wa kienyeji waliodumaa, chotara wa hiki na kile, au pora ambao hawajakomaa. Bantamu wa kweli wako wa namna mbili. Kuna wale ambao hawana ndugu mkubwa popote: Sebright, Pekin, Chabo wa Japani, Serama wa Malaysia. Na kuna wale waliopunguzwa kutoka aina kubwa, kama Brahma mdogo, ambao huwa na takriban robo ya uzito wa wenzao wakubwa. Jogoo wa Brahma mkubwa ni zaidi ya kilo 5; yule mdogo ni kilo 1 na kidogo.

Uzito ndio utakaowaondolea mabishano mengi. Jogoo wa Sebright ni kama gramu 620 na mtetea wake gramu 570. Jogoo wa Pekin ni kati ya gramu 680 na 790, mtetea 570 hadi 680. Chabo jogoo ni 510 hadi 600, mtetea 400 hadi 510. Serama hafiki nusu kilo. Mtu akikuletea "Sebright" wa kilo moja na robo, huna haja ya kumtazama rangi.

Namna ya kupima: asubuhi, kabla hajala. Gole likijaa linaongeza gramu kadhaa, na kwa kuku wa gramu 600 hizo si chache. Mviringishe kwenye kipande cha kanga, mabawa yakiwa yamebana mwilini, kichwa kikiwa ndani ya kitambaa. Kuku asiyeona hutulia. Sifurisha mizani ukiwa umeshaweka hicho kipande cha kanga juu yake. Jogoo apimwe akiwa amepita mwaka. Kabla ya hapo mfupa umekua lakini mwili bado.

Hatua ya pili: chagueni kiwango cha kufuata, kimoja

Hatuanzi kutoka sifuri. Waingereza walichapisha viwango vyao vya kwanza vya kuku mwaka 1865, na chama chao cha taifa kikaanzishwa mwaka 1877. Wamarekani waliunda chao mwaka 1873, wakatoa viwango mwaka uliofuata, na mwaka 1914 wafugaji wa bantamu wakajitenga na kuunda chama chao wenyewe. Kazi ya kuelezea Sebright inatakiwa aweje ilishafanywa.

Tatizo ni kwamba nchi hizo hazikubaliani. Silkie, yule wa manyoya kama sufu, ngozi nyeusi na vidole vitano, Marekani huwekwa kundi la bantamu. Uingereza huhesabiwa kuku mkubwa, na kuna Silkie bantamu wa kando mwenye viwango vyake. Anayeitwa Pekin Uingereza, Marekani ni Cochin mdogo. Sasa mwanachama wa Dar amesoma ya Marekani, wa Tabora ameona video za Uingereza, na wote wawili wana uhakika. Hapo ndipo vikundi huvunjika, hata kama kila mmoja atakuambia ugomvi ulikuwa wa pesa.

Fanyeni uamuzi wa aina moja baada ya nyingine, muuandike kwenye muhtasari: kwa Pekin tunafuata Uingereza, kwa Serama tunafuata Malaysia alikotoka, na kadhalika. Kuchanganya ndani ya aina moja hakuruhusiwi. Na msianze na aina kumi na mbili. Mbili zinatosha, tatu zikizidi.

Kuna watakaouliza, na kuku wetu je? Ni swali la haki. Mkoa wa Tabora unajulikana kwa Singamagazi, ambaye ni mkubwa, hana nafasi kwenye chama hiki. Lakini vijijini Uyui na Sikonge wamo kuku wadogo wenye miguu mifupi, na Morogoro kuna Ching'wekwe, mwenye umbo dogo ukimlinganisha na Kuchi au Singamagazi. Maoni yangu ni haya: wapewe safu yao kwenye maonyesho tangu mwaka wa kwanza, wapimwe, wapigwe picha, lakini kiwango kisiandikwe bado. Aina huandikiwa kiwango ikishazaa watoto wanaofanana nayo kizazi baada ya kizazi. Mkiandika mapema mtakuwa mnaelezea kuku mmoja wa jirani.

Hatua ya tatu: andikeni ukurasa mmoja kwa kila aina

Msitafsiri neno kwa neno. Ukitafsiri unapata sentensi ambayo hata aliyeitafsiri hawezi kuitumia akiwa na kuku mkononi. Wekeni kuku watano wa aina hiyo mezani, wazuri na wabaya, kisha mwandike mkiwatazama.

Kwa Pekin, kwa mfano, ukurasa unaweza kusema hivi: *Kuku wa mviringo, mfupi, aliye karibu na ardhi. Ameinama mbele kidogo, kiasi kwamba mkia uko juu kuliko kichwa. Manyoya ni mengi na laini, yanafunika miguu hadi vidole. Akisimama, miguu isionekane. Upanga ni mmoja, mdogo, umesimama wima, wenye meno yaliyo sawa. Mkia ni mfupi, mpana, umefunikwa na manyoya laini.* Hapo mama aliyeacha shule darasa la saba na daktari wa mifugo wanasoma kitu kimoja.

Kisha alama. Jumla iwe 100, na zigawanywe kufuatana na kinachomfanya kuku huyo awe yeye. Pendekezo langu kwa Pekin: umbo na mkao 30, wingi wa manyoya na miguu 25, rangi 20, kichwa 10, afya na usafi 10, uzito 5. Kwa Sebright ningegeuza, rangi iongoze, kwa sababu bila ule mstari mweusi mwembamba unaozunguka kila unyoya, Sebright amebaki kuku mdogo tu.

Chini ya alama wekeni mafungu mawili ya kasoro. Fungu la kwanza ni zile za kupunguziwa alama: upanga wenye jino moja zaidi, unyoya wa rangi ngeni, uzito uliozidi kidogo. Fungu la pili ni zile za kutolewa kabisa: mdomo uliopishana, mkia uliopindia upande mmoja, mgongo wenye kibyongo, idadi ya vidole isiyo sahihi, bawa lenye pengo la kudumu. Hili la pili halina huruma, kwa sababu mengi kati ya hayo hurithiwa. Angalieni tu msikopi fungu moja kwa aina zote. Mkia uliosimama hadi kukaribia kichwa ni aibu kwa kuku wengi, lakini kwa Chabo ndio uzuri wenyewe.

Kabla ya kuupitisha, ukurasa ujaribiwe. Watu wawili, kuku mmoja, vyumba tofauti. Kila mtu atoe alama zake bila kumwona mwenzake. Wakipishana zaidi ya alama kumi, ukurasa haueleweki. Urudieni, tafuteni neno lililowapotosha.

Hatua ya nne: elezeni yanayotokea kwenye kiota

Viwango vya nje mara nyingi humwonyesha mfugaji kuku aliyekamilika bila kumwambia atampataje. Kwetu, ambako watu wengi wanaanza na jogoo mmoja na mitetea miwili walionunuliwa kwa bei ya mbuzi, sehemu hii ndiyo itakayookoa mbegu.

Chukua Chabo. Ile miguu mifupi sana inaletwa na kinasaba ambacho kikirithiwa kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, kifaranga hafiki kutotolewa. Ukimpandisha jogoo mfupi kwa mtetea mfupi, katika mayai 12 yenye mbegu tegemea 3 kufia ndani ya gamba, 6 watoke wafupi, na 3 watoke na miguu ya kawaida. Asiyejua atasema mashine imeharibu mayai, au koo hakutulia, au jirani ana jicho baya. Na wale watatu wenye miguu mirefu atawachinja, akidhani damu imeingiliwa. Wasichinjwe! Jogoo mfupi kwa mtetea mrefu wa ukoo huohuo hutoa nusu kwa nusu, na hakuna wa kufia gambani kwa sababu hiyo. Hawaingii kwenye maonyesho, lakini bandani wana kazi.

Kuku wa manyoya yaliyopindukia nje wana jambo lao pia. Mmoja aliyepinda na mmoja wa manyoya ya kawaida: nusu ya vifaranga wanapinda, na ni wazuri. Waliopinda wote wawili: robo ya watoto wanatoka na manyoya dhaifu yanayokatika, wengine wanabaki karibu uchi, na baridi ya Juni alfajiri hapa Unyamwezini si ya mchezo.

Sebright naye huwachanganya watu kwa jogoo wake. Hana ule mkia mrefu unaopinda, wala yale manyoya membamba yenye ncha shingoni. Amevaa kama mtetea. Nimesikia sokoni akiitwa jogoo jike, na akauzwa kwa bei ya kitoweo. Huyo ndiye hasa anayetakiwa. Ila mwambieni mwanachama mapema kwamba mayai ya Sebright mengi hayashiki mbegu na kwamba aina hii huugua Marek kwa urahisi, ugonjwa ambao chanjo yake hupewa kifaranga wa siku moja. Si aina ya kuanzia.

Hatua ya tano: fundisheni waamuzi, na mlindeni mwamuzi kijana

Mwamuzi anafunzwa kwa mikono. Mkono mmoja chini ya kidari, miguu ikiwa imeshikwa kati ya vidole, kichwa cha kuku kikielekea kwako. Anza na macho na mdomo. Pitia upanga. Fungua bawa taratibu, hesabu yale manyoya makubwa ya nje. Yawe 10, na yapangane bila pengo. Papasa mfupa wa kidari kama umenyooka. Pulizia manyoya karibu na tupu ya nyuma: ukiona chawa au utitiri, alama za usafi zimeondoka. Hesabu vidole. Mrudishe kizimbani akitanguliza kichwa, kisha umtazame akiwa amesimama mwenyewe, maana mkao haupimwi mkononi.

Sasa jambo ambalo viwango vya wazungu havilisemi. Mwamuzi ana miaka 26, mwenye kuku ana 70, na wanasali msikiti mmoja. "Shikamoo mzee wangu, kuku wako ana mkia uliopinda" ni sentensi ngumu kutamka mbele ya wajukuu zake. Asiitamke. Vizimba viwe na namba bila majina, wenye kuku wakae nje ya kamba, mwamuzi amwambie karani kwa sauti ya chini, na karani aandike kwenye kadi. Mzee akitaka maelezo, atayapata baadaye pembeni, kwa heshima yake, ukurasa wa kiwango ukiwa umefunguliwa mbele yake. Kijana ataonyesha mstari ulioandikwa, na mzee alikuwepo siku mstari huo unapitishwa.

Mwamuzi asihukumu safu yenye kuku wake, wa ndugu yake, wala aliowauza yeye mwaka huo.

Hatua ya sita: pete, daftari na mzunguko wa majogoo

Pete iliyofungwa huvishwa kifaranga mguu ungali mwembamba, na haiwezi kuvishwa mkubwa. Ndiyo maana inaaminika. Iwe na mwaka na namba. Kama hamjaweza kuagiza, tumieni pete za plastiki za kujikunja, au hata vifungio vya plastiki vya mafundi umeme, ila vikaguliwe kila wiki visije vikakaba mguu unaonenepa.

Daftari liwe na safu chache: namba ya pete, baba, mama, tarehe ya kutotolewa, rangi, uzito akiwa mkubwa, yuko kwa nani. Katibu wa uzalishaji ashike nakala ya wote.

Kwa kuwa kuku ni wachache, damu zitaanza kurudiana haraka: mayai hayashiki, vifaranga ni wadhaifu. Dawa yake rahisi ni mabanda matatu yanayoelewana. Tuseme moja liko Tabora, moja Kigoma, moja Mwanza. Mitetea hawahami kamwe. Kila mwaka pora bora wa Tabora aende Kigoma, wa Kigoma aende Mwanza, wa Mwanza aje Tabora. Mzunguko huo mkiushika bila kuruka zamu, mnaweza kukaa miaka mingi bila kuhitaji damu kutoka nje. Kuagiza kuku au mayai ya kutotolesha kutoka nje ya nchi kunahitaji kibali cha mamlaka za mifugo, na anayekuambia atayapitisha kwenye begi mpelekeni mbali na banda lenu.

Hatua ya saba: sasa andikisheni

Mkiwa na kurasa mbili za viwango, waamuzi wawili watatu na daftari, uandikishaji ni kazi ya karatasi tu. Chama cha hobi kama hiki kinaangukia Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kwa Msajili wa Jumuiya aliye Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Waanzilishi wasipungue 10. Andaeni katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha, orodha ya waanzilishi na sahihi zao, taarifa za viongozi, na barua ya utambulisho kutoka wilayani. Msikimbilie kujiita NGO, hiyo ina sheria yake ya mwaka 2002 na taarifa zake za kila mwaka. Wala ushirika, kwa kuwa hamuuzi kitu kwa pamoja.

Kwenye katiba, vifungu vya kawaida mtavipata popote. Ninavyosisitiza ni hivi: kamati ya viwango isiwe chini ya mwenyekiti, kiwango kisibadilishwe ila kwenye mkutano mkuu, na si zaidi ya mara moja kwa miaka mitatu, kila mkoa wenye wanachama watano wenye kuku waliovishwa pete uwe na mjumbe mmoja. Asiye na kuku awe rafiki wa chama, asipige kura. Pesa ziingie akaunti ya chama yenye sahihi tatu, si namba ya simu ya mweka hazina, hata awe mcha Mungu kiasi gani.

Hatua ya nane: maonyesho ya kwanza

Chagueni Juni, shule zikiwa likizo na ukumbi ukipatikana kwa bei nafuu. Mvua zimeisha, kwa hiyo Pekin na Brahma hawafiki miguu ikiwa tope tupu. Nanenane ya Kanda ya Magharibi pale Ipuli inavutia, lakini mwaka wa kwanza pelekeni meza ya picha na kuku wawili tu. Pale kuna muziki, vumbi na kuku wa kila mtu kwa wiki nzima.

Vizimba vya waya vya sentimita 45 kila upande vinatosha. Fundi wa kuchomelea atavitengeneza vya kukunja. Chini mwagieni maranda ya mbao. Maji yawe kwenye kikopo kilichofungwa kwa waya, la sivyo kitamwagika kabla mwamuzi hajafika.

Mdondo, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri, usichezewe. Kuku wote wawe wamechanjwa angalau wiki tatu kabla. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu, na haidai kutunzwa kwenye ubaridi mkali kama nyingine. Wanaotoka wilaya au mkoa mwingine wawe na kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa mifugo. Mlangoni akae mtaalamu wa mifugo. Kuku anayeharisha kijani, anayekoroma au aliyepinda shingo asiingie, na wote aliosafiri nao tenga moja warudi naye, hata kama mmoja wao ndiye bingwa mtarajiwa.

Baada ya matokeo, kila kadi iwe na nakala mbili: moja ya mwenye kuku, moja ya kamati ya viwango, ambayo itatafuta wastani wa uzito kwa kila aina na kuuweka mbele ya mkutano mkuu. Majogoo wa mzunguko wakabidhiwe hapohapo kwa kusaini daftari. Kila mmoja aondoke na tenga lake peke yake, na akifika atengwe siku 21 kabla ya kuwekwa na mitetea.